Insha ya Tangi Iliyopata Alama Zote

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga. Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani haogopi kitu isipokuwa sindano kukatika katikati ya suruali ya mteja. Ni kwamba jina lenyewe, hivi ninavyoandika, liko Wizarani linasahihishwa. Liligunduliwa kuwa na kasoro mahali fulani, na mpaka litakaporudi tumeombwa tuiite nchi yetu "hapa". Basi mimi ni Kitwana, fundi wa hapa, na nawasimulia ya hapa. Mtanisamehe nikisimulia mbiombio. Tangu mambo haya yatokee siwezi kukaa kitako muda mrefu. Nashona mshono mmoja nainuka, nachungulia juu, narudi, nashona mwingine.

Chanzo chake ni safari ya Mtukufu Mkuu. Alikwenda ng'ambo kuhutubia mkutano wa mataifa, akahutubia kwa Kiingereza, kwa kirefu kama ilivyo desturi yake, na wenyeji waliokaa mstari wa mbele wakatabasamu. Mtukufu alidhani wamefurahi. Ndani ya ndege ya kurudi, mkalimani mmoja asiyejua kufunga mdomo akamweleza kwamba wale walitabasamu kwa sababu ya kosa dogo la sarufi. Mkalimani huyo sasa anafundisha lugha gerezani, na nasikia wanafunzi wake wanaendelea vizuri.

Ndege ilipotua, Mtukufu hakusubiri zulia litandikwe. Alisimama ngazi ya juu kabisa, upepo ukimpeperusha tai, akatuhutubia sisi tuliokuwa tumeletwa kumpokea.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi tumedanganywa kwamba adui zetu ni njaa, maradhi na barabara mbovu. Hao ni vibaraka tu. Adui mwenyewe ni kosa. Kosa dogo, lisiloonekana, linalojibanza katikati ya sentensi. Kuanzia leo nchi hii itakuwa sahihi, na ikishakuwa sahihi, hayo mengine yataona haya yaondoke yenyewe."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Nani asiyependa matatizo yaone haya?

*

Wizara ya Usahihi iliundwa wiki hiyohiyo. Ilipewa jengo la Wizara ya Maji, kwa kuwa lilikuwa na kuta ndefu nyeupe zinazofaa kuandikiwa. Wizara ya Maji ikahamishiwa uani, kwenye banda la kuegesha magari, na magari yaliporudi ikasogea kidogo tena.

Ikatoka sheria. Mwananchi yeyote mwenye malalamiko, maombi au taarifa atayaandika kwa Kiingereza, kama insha fupi isiyozidi ukurasa mmoja, na kuiwasilisha Wizarani. Insha isiyo na kosa itapokelewa rasmi. Yenye kosa itarudi kwa mwenyewe ikiwa na wino mwekundu, naye ataisahihisha na kuileta tena. Malalamiko ya mdomo yalifutwa kabisa, maana mdomo hauna herufi kubwa wala nukta.

Matokeo yalikuwa mazuri mno. Mwaka mzima ulipita bila lalamiko hata moja kupokelewa. Mtukufu alirudi kwenye mkutano wa mataifa akatangaza kwamba katika nchi yake hakuna lalamiko lililosajiliwa, na safari hii hakuna aliyetabasamu.

Sisi watu wazima tulipelekwa darasani jioni. Nilikwenda kwa moyo mkunjufu, na kusema kweli nilijifunza mengi. Ugonjwa wangu mimi ulikuwa kuchanganya wanaume na wanawake. Si tabia, ni sarufi: kwetu mtu ni "yeye", basi, awe mjomba awe shangazi, lakini Mwingereza anataka kwanza uchungulie. Mke wangu alibaki mwanamume katika insha zangu kwa muda mrefu, na hakulipenda jambo hilo. Wengine walikwama kwenye vile vijineno vidogo vinavyotangulia majina ya vitu, ambavyo Mwingereza huvinyunyiza kama chumvi nasi hatukuzaliwa navyo. Ukiviweka, vimezidi. Ukiviacha, vimepungua. Nilimwona mvuta mkokoteni, mtu wa miraba minne, akilia machozi kwa sababu ya kijineno chenye herufi moja.

Jirani yangu wa kibanda, Bi Mwanakombo, hakulia. Yeye alikuwa na haraka.

*

Bi Mwanakombo ni mama ntilie. Anapika ubwabwa, maharage na samaki wa kukaanga, na mkono wake katika nazi hauna mfano hapa. Kibanda chake kiko chini kabisa ya tangi la maji la mji, lile kubwa la chuma lililosimama juu ya miguu minne katikati ya soko. Soko letu linaitwa Chini ya Tangi, na kivuli chake ndicho tulichogombania tulipogawiwa vibanda. Yeye alipata bahati akapangiwa penye mguu wenyewe. Mguu ule aliugeuza nguzo yake: alitundika mwiko, taulo na kalenda.

Siku moja kalenda ilianguka. Alipoinama kuiokota akaona msumari umetoka na kipande cha mguu, kama kinavyotoka kipande cha muhogo uliooza. Akachokonoa kidogo, kidole kikaingia. Akaniita. Nami nikatia changu, kikaingia, nikakitoa kikiwa chekundu kwa kutu. Tukatazama juu, kule tangi lilikokaa na tumbo lake, tukatazamana.

Nilimwambia ahame. Aliniuliza nimesahau kanuni? Kibanda kikihamishwa bila kibali, kibali kinakufa, na kibali cha kuhama kinaombwa kwa insha. Tena, hata yeye akihama, mguu unabaki. Tangi likidondoka halitauliza nani kahama. Ana binti, Riziki, anayeosha vyombo nyuma ya jiko akiwa na mtoto mgongoni. Wako wauza nyanya, wasusi, kinyozi, mimi na cherehani yangu. Soko zima lilikuwa limekaa pale kama vifaranga.

Basi akaandika. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, miwani puani, akaandika kwa Kiingereza alichokuwa nacho kwamba mguu mmoja wa tangi umeoza, kidole kinaingia, watu wako chini, tafadhali njooni. Ilikuwa mistari michache. Akaipeleka Wizarani mwenyewe, na aproni kiunoni.

*

Hapa lazima niwaeleze habari ya Bwana Hiyari Masumbuko, Msahihishaji Mwandamizi wa wilaya yetu, kijana mpole, shati jeupe, kalamu nyekundu mfuko wa kifuani kama kidonda kisichopona. Insha zote za soko zilipita mikononi mwake. Na kila adhuhuri alikuja kula kwa Bi Mwanakombo. Alikuwa mbali na mama yake, na Bi Mwanakombo alimwekea pembeni ukoko anaoupenda, na chakula kikiwa tayari alimwita kwa sauti mpaka ng'ambo ya barabara.

Mtashangaa: mtu anakula chini ya tangi kila siku, anasoma insha ya tangi kila wiki, vipi asijue? Ni kwa sababu hamjui kazi yake ilivyo ya kitaalamu. Wataalamu wa Wizara waligundua kwamba maana ni adui wa jicho. Mtu akianza insha mwanzoni huanza kutaka kujua itaishaje, na akishataka kujua itaishaje, makosa yanampita mlango wa nyuma. Kwa hiyo Msahihishaji hufunzwa kusoma kuanzia sentensi ya mwisho kwenda ya kwanza, moja moja, nyingine zote akiwa amezifunika kwa rula. Aliyeiva katika kazi hiyo anaweza kusoma habari za nyumba yake inavyoungua, akaweka nukta zilizokosekana, akaenda zake kula. Bwana Hiyari alikuwa ameiva.

Bi Mwanakombo alijaribu kumwambia kwa mdomo, sahani ikiwa mkononi. Kijana aliweka kijiko chini akamsihi kwa adabu asiendelee. Alisema akisikia maana ya insha kabla hajaisahihisha, jicho lake litaharibika, na sheria itamtaka amwachie mwenzake wa wilaya ya pili, ambaye ana foleni ndefu zaidi. Yeye alikuwa anamsaidia, kwa kweli. Akamaliza maharage yake. Siku hiyo yalikuwa na magamba ya kutu yaliyodondoka kutoka juu, naye akasifu kile kiungo kipya.

*

Insha ilirudi imejaa wekundu. Kosa la kwanza ni kwamba Bi Mwanakombo alilitaja tangi kana kwamba ni mwanamume. Akarekebisha. Ikarudi: pembeni Bwana Hiyari alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri kwamba tangi wala si mwanamke. Akarekebisha tena. Kisha vile vijineno kama chumvi. Kisha nyakati: aliandika kwamba mguu ulioza, unaoza na utaoza, akatakiwa achague wakati mmoja. Alikaa juu ya ndoo yake akaniuliza achague upi. Nilimshauri uliopo, maana ndio tuliokuwamo.

Halafu ukafuata mtindo. Sentensi zake zilikuwa fupi mno, zilikosa viunganishi. Akatia "aidha", akatia "licha ya hayo", akatia "hali kadhalika" ya Kiingereza, na insha ikanenepa kama mtu wa ofisini. Halafu neno "haraka" likakatwa kwa kuwa si la kistaarabu. Halafu akaambiwa insha nzuri ina hitimisho lenye matumaini. Akafikiri siku nzima huku wali ukiungua, mwishowe akaandika kwamba maji ni uhai.

Kila iliporudi alitia mkono kwenye ule ufa kupima. Kidole kilikuwa zamani. Sasa ngumi ilizama, na ukisikiliza palikuwa na sauti ndani, kama mtu anayesaga meno usingizini. Mara moja alijaribu kusema ukweli: akafuta "kidole", akaandika "ngumi". Wizara ikamjibu kwamba insha iliyobadilishwa habari ni insha mpya, na ikapelekwa nyuma ya foleni, kule kwa watu waliokuwa bado wanatofautisha wanaume na wanawake. Aliomba radhi, akarudisha kidole. Tangu hapo insha ilikaa na kidole chake na mguu ukaendelea na mambo yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wahenga hawakuwahi kufanya mtihani.

Nami sikuwa na raha. Nilikuwa nikikata kitambaa huku nikichungulia juu, suruali za watu zikatoka na mguu mmoja mrefu. Soko zima lilikuwa vile. Tulikuwa tunazungumza kwa sauti ya chini, tunaweka mizigo kwa taratibu, kinyozi alinyoa mtu nusu akatoka nje kuangalia juu akarudi. Lakini tulikaa. Tungekwenda wapi? Tulikuwa tunasubiri insha.

*

Na insha ikapita.

Bwana Hiyari mwenyewe ndiye aliyeileta, mbio, shati limechomoka. Haikuwa na doa la wekundu hata moja. Katika nchi nzima, tangu sheria ianze, hiyo ilikuwa ya kwanza kupata alama zote. Kijana alimkumbatia Bi Mwanakombo akasema angependa mama yake aione siku hiyo. Nilimwona ana machozi, na yalikuwa ya kweli.

Sasa sikilizeni tulivyofanya sisi watu wa hapa. Tulishusha pumzi. Tulishangilia. Wauza nyanya waliokuwa wamejisogeza pembeni wakarudi katikati. Kinyozi akaegemeza kioo chake kwenye mguu uleule. Watu wa masoko mengine wakaomba kuhamia kwetu, kwa kuwa soko letu ndilo pekee nchini lenye tangi lililopata alama zote. Riziki akatundika kitanda cha nguo cha mtoto kati ya mguu na mlingoti wa kibanda. Mimi nilishona mchana kutwa bila kuinuka, na suruali zikatoka sawasawa. Tulikuwa tumesubiri wino ule kwa muda mrefu mno, hata ulipoondoka tuliona na kutu imeondoka.

Bi Mwanakombo peke yake hakutulia. Alikuwa akipakua huku jicho liko juu. Nilimwambia ajipumzishe, kazi imekwisha, ameshinda. Akaushika mkono wangu akautia ndani ya mguu. Uliingia mpaka kiwikoni.

"Kitwana," alisema, "mguu wenyewe haujaisoma hiyo insha."

Nilitoa mkono wangu. Nilimwambia amechoka tu.

Alikwenda Wizarani kuuliza lini mafundi watakuja. Kule alipokewa kwa zulia. Walimweleza kwamba insha iliyo sahihi haiwezi kupelekwa Wizara ya Maji, kwa sababu Wizara ya Maji ingeiandikia majibu, na majibu yao yana makosa. Insha ile sasa ni mali ya taifa. Ilikwishatiwa kwenye fremu ya dhahabu, watoto wa shule wanaikariri, wasichana wanaiimba wakiruka kamba. Na katika Siku ya Usahihi ataisoma mwenyewe hadharani, mbele ya Waziri, palepale sokoni. Kwa heshima ya siku hiyo tangi litajazwa hadi pomoni, limwagike kidogo juu kama chemchemi. Miaka yote lilikuwa halifiki nusu, kwa kuwa pampu ilikuwa mbovu. Pampu ilitengenezwa upesi.

*

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Jukwaa lilijengwa kati ya miguu minne, na bendera zikafungwa kwenye ule mguu kwa kuwa ulikuwa karibu na kipaza sauti. Mtukufu hakuweza kuja ila alituma picha yake kubwa, ikawekwa jukwaani kwenye kiti cha mbele na kufunikwa mwavuli. Nyuma yake walikaa Wasahihishaji wote wa mkoa, mashati meupe, kalamu vifuani, Bwana Hiyari akiwa katikati yao. Soko lilijaa pomoni, na tangi pia. Kwa mara ya kwanza tuliona maji yakichuruzika ukingoni, watu wakanyanyua nyuso wayapokee.

Waziri wa Usahihi, Dakta Kilongola, alizungumza kwanza. Alisema mataifa mengine yana matangi mengi lakini hayana hata insha moja. Alisema kutu ni dhana iliyopitwa na wakati. Alisema, huku akipangusa kitu chekundu begani, kwamba tangi hili litasimama kadiri insha hii itakavyosimama, na sisi tukapiga makofi, kwa sababu ndivyo tulivyoamini.

Kisha akaitwa Bi Mwanakombo. Alipanda na kanga zake mpya, fremu ikashikwa mbele yake ili asikosee. Nilikuwa karibu, nikamwona anasikiliza. Si sisi aliokuwa anatusikiliza. Kule ndani ya mguu meno yalikuwa yanasagwa kwa kasi, na bendera zilikuwa zinatikisika ilhali upepo haukuwapo. Alitazama chini akamwona Riziki, na mtoto mgongoni, chini kabisa, anashangilia.

Alifunua mdomo. Na kile alichosoma hakikuwamo kwenye fremu.

Alisoma insha yake ya kwanza, ile ya juu ya ndoo. Aliisoma kama alivyoiandika siku ile, tangi likiwa mwanamume, nyakati zimevurugana, vijineno vyote vimepotea, na neno "haraka" liko mahali pake. Alipofika kwenye kidole alisema mkono. Alisema mkono wote.

Kosa moja hadharani lilikuwa jambo zito, na yeye alikuwa ameyamwaga kama punje za mtama. Kilichonijia kichwani, na kilichowajia wote, maana nilikiona machoni mwao, ni kwamba insha imeharibika. Haina alama tena. Na kama haina alama, basi lile tangi halijapona. Tukatazama juu sote kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu insha ipite tukaona lilivyoinama.

Tulikimbia. Mimi nilibeba cherehani, mkewe kinyozi alimbeba kinyozi. Riziki alipita mbele yangu mtoto akiruka mgongoni. Hakuna aliyekanyagwa, maana njia za soko tunazijua hata tukifumba macho.

Wasahihishaji hawakukimbia. Waliinuka kama askari, kalamu mkononi, wakaanza kuisoma insha iliyo sahihi kwa sauti moja ili kuirudisha. Waziri aliwaongoza kwa mkono. Walikuwa wanaliangalia tangi huku wakisoma, na nawaambieni, hawakuwa na woga hata chembe, walikuwa wanalitengeneza.

Bwana Hiyari alikuwa amesimama nao ila mdomo wake haukutikisika. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayetafuta neno. Ile ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia insha kuanzia mwanzo kwenda mwisho. Bi Mwanakombo, aliyekwisha kushuka na kufika nasi kwenye mifereji ya ukingoni mwa soko, aligeuka akamwona. Hakumwambia kimbia. Alimwita kama alivyomwita kila adhuhuri.

"Hiyari baba, njoo ule. Chakula kinapoa."

Kijana alishuka jukwaani. Alivuka uwanja akitembea, kisha akitembea upesi, na alipofika kwetu mguu ulikatika.

Sitaeleza mengi. Sauti ya kukatika kule bado iko masikioni mwangu. Maji yalizoa jukwaa, fremu, picha ya Mtukufu na mwavuli wake. Waziri alitolewa mferejini amevunjika mguu. Baadhi ya wale vijana wa mashati meupe hawakuinuka tena, na niliumia, na naumia bado. Walikuwa watoto wa watu.

*

Kesi ilikwenda upesi. Bi Mwanakombo alishtakiwa kwa kuangusha tangi, na ushahidi ulikuwa mzito. Nami niliitwa. Wakili wa serikali aliniuliza kama tangi lilikuwa limesimama wakati insha ikiwa sahihi. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama lilianguka mara baada ya mshitakiwa kukosea. Nikasema ndiyo, na kila mtu wa sokoni alisema hivyohivyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Hakimu akaniuliza kama nina la kuongeza. Nilikuwa nalo, ila lilikuwa katika lugha ya nyumbani.

Bwana Hiyari aliulizwa jambo moja tu, mshitakiwa alifanya makosa mangapi. Akajibu kwamba hakuyahesabu, alikuwa anasikiliza. Alivuliwa kalamu yake mbele ya mahakama, na sasa anamsaidia Riziki kuosha vyombo.

Hukumu ilikuwa ya huruma. Bi Mwanakombo atakaa palepale kwenye vyuma vilivyoanguka, chini ya ulinzi, akiandika insha ileile bila kosa, kila siku, mpaka tangi lisimame tena. Wenye elimu wanasema si muda mrefu. Kila jioni askari anazikusanya karatasi, anatazama juu, anaandika kwamba bado.

Lakini lipo jambo ambalo Wizara inajivunia sana. Wanawake wanakuja kwake kutoka kila wilaya, wanakaa kwenye vyuma wakimzunguka, na askari akiwauliza wanasema wamekuja kujifunza Kiingereza. Ni kweli. Siku hizi insha nyingi zinapita, maana watu wamejifunza, na kila mmoja wao anakuja na yake, safi, isiyo na doa: hii ya daraja, hii ya ghala la nafaka, hii ya ukuta wa wodi ya wazazi. Wanamnong'oneza awafundishe kuzisoma vibaya. Yeye anawaonyesha pa kukosea, taratibu, mpaka mtu wa kwao akisikia atazame juu.

Jana mke wangu naye alijitanda kanga akashika njia ya huko. Nilimfuata mpaka mlangoni nikamuuliza anakwenda kutafuta nini, Kiingereza chake si kizuri kuliko changu? Alisema insha ya paa la shule ya binti yetu imerudi kutoka Wizarani. Nikamuuliza ina makosa mangapi.

"Haina hata moja," akasema.